Wanawake Wanne wa Kijiti

Siku ya kwanza kazini, mwaka 1990, nilipewa ufagio. Kilikuwa kiwanda cha sabuni, kule Gatsata. Shule sikufika mbali, lakini miguu nilikuwa nayo. Kocha wa kiwanda aliniona nikikimbiza basi, akaniweka kwenye timu mpya ya wanawake wanne. Kabla yetu, kwenye mashindano ya viwanda walikimbia wanaume tu.

Mkurugenzi alituita. "Nawapa mbio moja. Mkiniaibisha, hakuna timu tena."

Zilikuwa mbio za kupokezana. Kila mtu anakimbia kipande chake, kisha anamkabidhi mwenzake kijiti. Anayepokea hageuki. Anaanza kukimbia, ananyoosha mkono mmoja nyuma, akisikia "Akira!", yaani pokea, anakamata.

Mimi nilipokea kutoka kwa Verediana wa Kabuga, mtu wa rika la mama yangu mdogo. Kwetu ukipewa kitu na mkubwa, unapokea kwa mikono miwili. Basi nikageuka, nikasimama, nikainama kidogo, nikapokea.

Kocha akashika kichwa. "Yewe! Unapokea kijiti au mtoto wa kubatizwa?"

Kila jioni ikawa vile vile. Mkono wa pili ulikuja wenyewe. Mwishowe Verediana akanivuta kando.

"Uwanjani mimi si mkubwa wako. Ukisimama kuniheshimu, timu imekufa. Ninyang'anye!"

Siku ya mashindano wanaume walituzomea kwa sababu ya kaptula. "Mama, sketi umeisahau nyumbani?" Verediana akaja akihema, akaita. Nikamnyang'anya. Tulimaliza wa tatu. Mkurugenzi alisema neno moja: "Endeleeni." Tukaendelea, hadi Aprili 1994.

Katika mauaji ya kimbari wenzangu watatu waliuawa. Kocha naye. Mkurugenzi hakuonekana tena.

Mwisho wa mwaka kiwanda kikafunguliwa tena. Kocha mpya, kijana aliyekulia Uganda, akatukusanya wafanyakazi wanawake.

"Leo wanawake wa hapa wanakimbia kwa mara ya kwanza."

"Walishakimbia," nikamwambia.

"Nani aliwaona, mama?"

Hakuuliza kwa ubaya. Nikatafuta mtu wa kumtaja, sikumpata.

Sasa nimestaafu, niko Kimironko. Ninyi mnaokimbia leo, wengine mnaniita wa kwanza. Acheni. Kipande cha kwanza alikimbia Saverina, cha pili Godeliva, cha tatu Verediana. Mimi nilikuwa wa mwisho.