Siku Baba Aliposema Tutashinda

Harufu ya salfa inayopulizwa kwenye mikorosho, wenzangu, mpaka leo hunikaba koo. Wengine wakiinusa hukumbuka msimu mzuri. Mimi nakumbuka kiwanja cha mpira cha Kitangari. Chokaa ya kuchorea mistari ilikuwa haipatikani, salfa kila nyumba ilikuwa na mfuko, basi wazee wa timu wakaona isiwe taabu, wakachorea hiyo. Kipa akidaka mpira wa chini aliinuka macho mekundu, machozi yanamchuruzika, nasi watoto tukamshangilia tukidhani ana uchungu na timu.

Na uchungu ulikuwepo, maana timu yetu ilikuwa ya kufungwa. Ilifungwa na Newala mjini, ikafungwa na Masasi, ikafungwa hata na wanafunzi. Ndiyo maana mashabiki walikuwa na mwiko wao: kabla ya mechi hakuna kusema tutashinda. Ukikutana na mtu njiani ulimwuliza, "Leo ngapi?" naye akajibu, "Nne, wakituhurumia." Aliyethubutu kutabiri ushindi alifukuzwa akakae nyuma ya choo cha shule, asitutie nuksi.

Baba yangu ndiye aliyeushika mwiko huo kuliko wote. Alikuwa mtu mrefu, mwoga wa kufurahi. Hata tukiongoza alishika kichwa: "Basi tena, tumewachokoza. Watarudisha matatu." Mama alikuwa akimcheka. "Baba Zuhura, wewe hata ukiingizwa peponi utauliza paa linavuja wapi."

Nilipokuwa darasa la nne, Mama alilazwa Masasi. Tumbo, ndivyo nilivyoambiwa. Bibi akaenda kumuuguza, mimi nikabaki na Baba na ndoo za maji. Kila Baba aliporudi kutoka kumwona nilimwuliza hali, naye alinuna vilevile kama anazungumzia mechi: "Si nzuri. Sijui kama korosho zitamkuta hapa." Nami nikatulia, wallahi nikalala usingizi. Nilimjua Baba, akisema nne, huwa mbili.

Jumamosi moja timu yetu ilikuwa icheze na Masasi. Asubuhi, nikitoka kuchota maji, nikamkuta mjomba, kaka yake Mama, amekaa barazani na Baba. Mjomba aliishi Newala, na hakuwa mtu wa kuja bila kutuma salamu. Nikamwamkia. "Marahaba," akaitikia, wala hakunitania. Simu ya Baba, ambayo siku hizo haikumtoka mkononi, ilikuwa imelala mkekani, kifudifudi. Nikauliza lile la siku zote.

"Baba, leo ngapi?"

"Leo tutashinda," akasema. "Nenda kaangalie, mwanangu."

Mjomba akageuza uso, akatazama ukuta.

Jioni nilikwenda. Bao letu la kwanza lilipoingia watu waliruka, mimi nikatazama njia ya nyumbani. Likaingia la pili. Kwa mara ya kwanza tangu nipate akili timu yetu ilikuwa inaelekea kushinda, na mwenzenu nilikuwa namwomba Mungu Masasi warudishe. Watufunge matatu, wafunge manne, wapendavyo, ilimradi Baba awe amekosea. Kipenga kikalia, mbili bila. Vigelegele vikapigwa kiwanja kizima, nami nikakimbia nyumbani peke yangu. Nilipokata kona niliona mikeka imetandikwa nje na wanaume wameketi juu yake. Sikuhitaji kuambiwa.

Miaka mingi nilimwonea Baba hasira. Mwiko tuliujua sote, kwa nini auvunje siku ile? Mpaka mwaka juzi mwanangu aliposhikwa na homa kali, nami nikajikuta namwambia kila mtu, "Huyu hataona asubuhi." Jamani, niliyasema hayo kwa kuwa nilikuwa natumaini kupita kiasi, nikiogopa matumaini yangu yasisikike. Hapo ndipo nilipomwelewa Baba. Asubuhi ile barazani alikuwa ameshapigiwa simu, na hakuwa tena na kitu cha kuogopea.

Mwanangu alipona. Nilimpigia Baba kumpa habari, nikamsikia anakohoa.

"Usifurahi mapema," akasema. "Homa za watoto hurudi."

Nikakaa chini nikalia. Baba yangu alikuwa ameanza kuogopa tena.