Msemaji wa Mauwa

Gaudens alikuwa na mdomo. Kiwandani Chang'ombe, saa ya chakula, aliwaiga wakubwa mpaka watu wakapaliwa na ugali. Kwa hiyo Mauwa, fundi wa cherehani kutoka Lindi, alipofukuzwa kazi kwa kukataa kwenda kumfulia nguo mke wa msimamizi, wenzake hawakuumiza kichwa kutafuta wa kumsemea kwenye mkutano wa wafanyakazi. Mwongozo wa TANU ulikuwa umeshatoka, ubwana kazini ulikuwa marufuku, na maneno machache yaliyopangika mbele ya mwenyekiti wa tawi yangeweza kumrudisha Mauwa kazini. "Niachieni mie," alisema Gaudens, kifua mbele.

Lo! Siku yenyewe alipopanda jukwaani na kuona macho yote yamemgeukia, alisahau hata pa kuanzia. Akashika desturi, akaita, "Uhuru!" Watu wakaitikia, "Na kazi!" Haya, sasa aseme. Hakuna kitu. Akaita tena, "Uhuru!" Wakaitikia kwa nguvu zaidi. Maneno aliyoyapanga wiki nzima yalikuwa yameyeyuka, na kila kimya kilipomtisha alikimbilia "Uhuru!" nyingine. Nyuma huko watu wakaanza kucheka. Msimamizi naye aliitikia, tena kwa bashasha. Mwenyekiti akadhani ndugu amemaliza, akamshukuru kwa kuamsha ari ya wafanyakazi, kisha akahamia ajenda nyingine. Jina la Mauwa halikutajwa kabisa.

Aibu iliyoje! Gaudens alitamani ardhi ipasuke immeze. Jioni alijikokota mpaka Temeke kwa Mauwa, akamkuta barazani anafunga mizigo ya kurudi kwao. Akaketi, akaomba radhi, na hapo, mbele ya mtu mmoja, ulimi ukafunguka. Akaueleza ubwana wa msimamizi, akaieleza heshima ya mfanyakazi, akauliza ni ujamaa gani huo wa kumgeuza fundi wa cherehani kuwa dobi wa nyumba ya mtu. Alisema vizuri hata jirani aliyekuwa akipepeta mchele aliweka ungo chini ili asikilize.

Mauwa alimwacha mpaka akamaliza.

"Hayo hayo ndiyo niliyotaka kuyasema, kaka Gaudens," alisema. "Katibu wa tawi alishanipa nafasi niseme mwenyewe mkutanoni. Nikaikataa, kwa sababu ulisema tukuachie wewe."