Mwanya Chini ya Skatingi

Mimi ni mshonaji. Nikiingia nyumba ya mtu, jicho langu linakimbilia pindo kwanza: pindo la pazia, pindo la kitambaa cha meza, na tangu nijenge, pindo la nyumba yenyewe. Nasema vile vipande vya marumaru vinavyobandikwa ukutani, chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu. Mafundi wanaviita skatingi. Siku hizi nikikaribishwa kwenye nyumba mpya hapa Tabora, kabla sijakaa naangalia pale. Watu wanadhani nina maringo. Waache wadhani.

Yangu niliijenga upande wa Kwihara, kando ya njia ile ile waliyopita wapagazi zamani wakielekea pwani. Niliijenga kwa ajili ya mama. Alikuwa Usinge, peke yake, na tangu augue kiharusi mguu wake wa kushoto anauburuza. Kuja mjini kukaa na mimi kwenye chumba cha kupanga, chenye ngazi mlangoni na sakafu ya mashimo, alikataa katakata. "Ukipata kwako, nitakuja," aliniambia. Basi nikataka nyumba isiyo na kizingiti hata kimoja, sakafu tambarare kutoka kitandani kwake mpaka chooni, apite mwenyewe akishika ukuta. Hicho tu. Mambo ya geti la nakshi niliwaachia wenye nafasi.

Fundi niliyempa kazi alikuwa mtani wangu. Yeye Mzigua, sisi Wanyamwezi, na utani wetu ulizaliwa kwenye njia hiyo hiyo, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo mabegani. Kwa asiyejua, mtani anakutukana mbele ya watu na wewe hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kukuchekesha. Baba alipofariki, fundi huyu aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana haiwezekani Mnyamwezi alale pazuri namna ile yeye amesimama juani. Nilikuwa nimelia mpaka sauti imekauka. Nikacheka. Mama naye akacheka, khanga mdomoni. Mtu aliyekuchekesha siku kama ile utamnyimaje kazi?

Siku ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, niliwapelekea uji na mihogo. Vyumba vilikuwa vimeshajazwa kifusi, na kila aliyejenga anajua kwamba kifusi kinamwagiwa maji na kushindiliwa mpaka kiwe kigumu, ndipo zege lije juu. Nikamuuliza, "Mtani, kifusi umekishindilia?"

Akaacha koleo, akawageukia vibarua wake. "Mnamsikia huyu Mnyamwezi? Nani ashindilie! Humo nimetupa visiki na magunia, sasa nafunika. Mtaanguka humo ukoo mzima!"

Vibarua walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka, nikamjibu kwamba Mzigua akiinua kisiki asubuhi, jioni tunamzika. Ningemuuliza tena? Kumuuliza mtani mara ya pili ni kukubali kwamba amekuweza. Nikamjazia bakuli la uji.

Mama alikuja kabla ya mvua. Nilimwingiza ndani nimemshika kiwiko, akavua ndala, akakanyaga marumaru taratibu, mkono ukutani. Alifika chooni na kurudi bila mimi. Akasimama katikati ya chumba chake akasema, "Mwangaluka," kama anavyomsalimia jirani asubuhi. Aliisalimia nyumba! Nilitoka nje nikalie huko, asinione.

Mvua zilipoanza, nilikuwa nafagia chumba hicho hicho, njiti ya fagio ikateleza chini ya skatingi ikapotea. Nikainama. Sakafu ilikuwa imeachana na skatingi, mwanya wa kupitisha sarafu, kuanzia mlangoni mpaka kona. Kama ingekuwa gauni, ningesema pindo limefumuka. Nikampigia mtani. Akaja akicheka, na saruji nyeupe kwenye kopo la maziwa.

"Nyumba mpya inakaa, mtani. Hata wewe ukikaa kwenye kiti, kiti kinalia."

Akaziba, akanywa chai, akaenda zake. Saruji ile ikapasuka, mwanya ukarudi, safari hii kidole kinaingia. Akaja tena, akaziba tena. "Babu zako wamelala majanini toka hapa mpaka Bagamoyo, leo wewe kamwanya haka kanakukosesha usingizi?" Nikacheka tena. Jamani, nilicheka! Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nampikia maandazi.

Asubuhi moja nikiwa kwenye cherehani nilisikia kishindo. Nilimkuta mama sakafuni. Marumaru moja ilikuwa imezama upande mmoja, ukingo wa ile ya pili yake umebaki juu, na mguu wake wa kuburuza ulinasa pale pale. Hakuvunjika, namshukuru Mungu. Lakini nyonga ilivimba, na tangu siku hiyo mama hakutembea tena ndani ya nyumba ile. Alikaa kitandani, akiitazama sakafu kama mtu aliyefika mtoni akakuta umefurika. Chooni nikawa nambeba. Mama yangu, aliyekuwa akijiendea mwenyewe kule Usinge!

Kaka yangu alikuja na nyundo, tukang'oa ile marumaru, tukavunja zege chini yake. Lilikuwa jembamba. Nyundo ilipita ikaingia kwenye uwazi. Kaka akatumbukiza mkono, akatoa kipande cha gunia. Akautumbukiza tena, akatoa kisiki kilicholiwa na mchwa, chepesi, kikavunjikavunjika mkononi mwake. Visiki na magunia. Nilikaa chini kwenye vumbi. Kaka akaniuliza nina nini, nikamnyang'anya kile kipande cha gunia.

Nilimfuata mtani mpaka kwenye jengo alilokuwa analipandisha, gunia mkononi. Sikumsalimia. Nilimtupia miguuni. Akaliangalia, akawaangalia vibarua wake, kisha akacheka, kicheko chake kile kile cha kaburini.

"Lakini mtani, si nilikuambia?"

Vibarua wakaangua kicheko. Hasira zilinipanda mpaka nikaona giza. Nikageuka nikaondoka, kwa sababu anayekasirikia utani ameshindwa, na yeye alilijua hilo tangu siku ya uji. Mtu alilala kwenye kaburi la baba yangu nikampenda kwa hilo, kumbe mapenzi yale ndiyo aliyoyafanya kichaka cha kujifichia. Roho iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Asije mtu kuniambia nisamehe.

Mama akaomba arudi Usinge. "Kule najua pa kukanyaga," alisema. Habari za magunia sikumwambia. Alidhani kosa ni la mguu wake, akawa ananiomba radhi kwa kuniharibia nyumba.

Siku ya safari kaka ndiye aliyemsindikiza. Tulikuwa stesheni tukisubiri treni ya Kigoma, mara nikasikia, "Shikamoo, bibi mpagazi!" Ni yeye. Amesikia mjini kwamba mama anaondoka, naye amekuja kuaga. Alinyakua begi la mama akalitwika kichwani, akaanza kuyumba nalo. "Tazameni! Leo Mzigua ndiye anambebea Mnyamwezi!"

Mama akacheka. Hakuwa amecheka tangu aanguke. "Marahaba, mwehu wewe! Siku yangu ikifika, na kwangu utaingia kaburini?"

"Nitaingia na godoro, bibi!"

Alimsaidia kaka kumpandisha, akamkalisha dirishani, akaweka begi, akashuka. Akanigeukia, meno yote nje, akisubiri. Ilikuwa zamu yangu ya kumtukana.

"Asante sana, fundi," nilimwambia. "Mungu akubariki."

Sikuwa nimewahi kumwita hivyo tangu tujuane. Meno yalibaki nje, lakini hakuwa anacheka tena.

"Mbona unamwita fundi?" mama akauliza kutoka dirishani.

"Si ndiye aliyeimwaga ile sakafu, mama."

Mama alimtazama. Akautazama mguu wake. Akamtazama tena, kisha akamwambia kaka afunge dirisha.