Kisanduku cha Kaka kule Harborne

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alisema nikiweza kupokea bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, kwenye duka langu la nguo kabla ya adhuhuri Jumamosi ile, angevaa dera na kuuza nalo mpaka magharibi. Nikishindwa, niipikie biriani timu yake nzima ya mpira. Dera lake nilikuwa nishamchagulia, la waridi, lenye marinda.

Nodi yangu ya malipo, yaani kompyuta ndogo ya kupokelea hizo bitcoin, haikuwa na nafasi ya kuhifadhi kumbukumbu zote za miamala ya bitcoin tangu mwanzo wake. Kaka yangu wa Harborne, mtaa mwingine wa mji wetu huku ughaibuni, alikuwa nazo, ndani ya kisanduku kando ya televisheni. Ya nini kuchimba kisima na ndugu yako anacho? Akanipa nywila, nikaiunganisha kompyuta yangu na kisanduku chake kwa intaneti, na Ijumaa mambo yakawa sawa.

Jumamosi shemeji akaja kuegemea kaunta yangu pale Sparkhill, simu mkononi, mteja wa kwanza. Kompyuta ikagoma: kisanduku cha kaka hakionekani. Nikaandika nywila upya. Nikazima, nikawasha. Shemeji akaulizia kama biriani itakuwa ya mbuzi au ya kuku, nami nikatamani kumrushia hanga.

Kaka alikuwa kazini hospitalini, hashiki simu. Nikampigia mama, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa akafikia kwake.

"Hicho kidude? Nishakizima," akasema. Mama amezoea umeme wa tokeni. Hatoki chumbani bila kuzima kila swichi ya ukutani. "Chawaka kutwa, na hata chai hakipiki!"

Nikambembeleza, nikaapa, nikamwahidi kanga. Akakiwasha huku ananung'unika. Kompyuta yangu ikakiona, ikaanza kujisomea miamala iliyoipita. Ilibaki kidogo tu, na adhuhuri ilikuwa bado dakika kumi. Nikalitandaza dera kauntani kwa madaha.

Hapo shemeji akanipokonya simu sikioni.

"Shikamoo, mama. Samahani, naomba ukizime tena kile kidude."

"Mama, usimsikize!" nilipiga kelele, nimekasirika na kicheko kinanitoka. Lakini kwetu mkwe hakataliwi neno.

"Marahaba, baba," mama akajibu, kwa sauti tamu ambayo mimi, binti yake wa kumzaa, sijapata kuisikia. "Tayari. Nikuzimie na friji?"