Nilivyoichoma Sauti ya Mama Mkwe

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili mtu asianze kunihurumia katikati ya habari. Nakaa Bwera, mji wa mpakani, nauza vipuri vya pikipiki. Nimeharibu kitu ambacho hata nikiuza duka lote siwezi kukirudisha. Ole wangu!

Mke wangu, Mama Masika, ni mtu wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Mama yake alikuwa akivuka mpaka pale Mpondwe siku za soko, anakuja kumwona mjukuu. Safari yake ya mwisho mke wangu alimrekodi kwa simu: bibi amempakata Masika wetu, anamwimbia, anamtajia majina ya watu wa ukoo. Video ilikuwa ndefu mno, ilikataa kutumwa kwa ndugu.

Baadaye bibi akafariki huko kwao. Njia ilikuwa mbaya, watu wanakimbia vita, mke wangu hakuweza kwenda kumzika. Ile video ndiyo aliyobaki nayo. Alikuwa akiitazama huku anamenya ndizi, analia, anacheka.

Sasa mimi na ujinga wangu! Nilijifunza mtandaoni kutengeneza projekta ya bei rahisi. Boksi la mbao, kioo cha kukuzia, taa kali ya lori, feni ndogo ya kompyuta mbovu. Simu unaifungua, unabandua kile kikaratasi cheupe cha nyuma ya skrini, mwanga wa taa unapita, picha inatokea ukutani kubwa kama ya kibanda cha video. Nilitaka sinema nyumbani. Na niseme ukweli, nilitaka wakwe zangu waone! Walizoea kunitania kwamba mimi ni fundi wa kukaza nati.

Njia ilipotulia wakaja kwetu kumaliza matanga, nikaahidi kuwaonyesha mama yao ukutani. Skrini ya simu yangu ilikuwa imepasuka, kwa hiyo ilibidi nifungue ya mke wangu.

"Video ya mama ulishaiweka ku flash?" aliniuliza, simu ameikumbatia kifuani.

"Nilishaweka."

Uongo! Flash ilijaa filamu zangu za mapigano na sikutaka kufuta hata moja. Nilijiambia nitafanya baadaye. Akanipa simu.

Mchana ule tulifunika madirisha kwa blanketi, watu wakajaa sebuleni. Bibi akatokea kwenye shuka tuliyoitundika ukutani, mkubwa, anacheka. Jamani! Wamama walipiga kelele. Mke wangu alisogea akamgusa mama yake shavuni. Mimi nikavimba kichwa.

Ila feni ilikuwa inavuma, na sauti ya bibi ilikuwa ndogo. Mjomba wa mke wangu, ndugu wa marehemu, akanigeukia.

"Mukwe, zima kile kifeni. Tunataka kusikia dada yangu."

Nilijua! Nilijua kabisa taa ile bila feni ni jiko. Lakini kwetu mkwe habishani na wakubwa wa mke wake, tena kwenye matanga. Ningeweza kusema, "Baba, hii itaungua." Nikainamisha kichwa, nikachomoa waya.

Tukamsikia. Alikuwa ndiyo anaanza kutaja majina ya ukoo. Kisha doa jeusi likaingia pembeni ya picha, likapanuka, likamfunika uso. Nilipofungua boksi, moshi ulinipiga machoni. Simu ilikuwa imejikunja, betri imevimba.

"Haina neno," mke wangu akawatuliza wageni. "Baba Masika iko na kopi. Lete flash, tuendelee na simu ingine."

Nyumba nzima ikaningoja. Nikasema, "Haimo."

Mke wangu alikaa chini pale pale, akajifunika uso kwa kitenge.

Nimezunguka kwa mafundi, kuanzia Mpondwe hadi Kasese mjini. Wote wanasema imeungua mpaka ndani. Mjomba naye aliniomba radhi, eti yeye ndiye aliyeniamuru. Hiyo inaniumiza sana, mzee wa watu anabeba mzigo wangu!

Mke wangu hakuondoka. Anapika, tunakula pamoja. Lakini nikimwambia nimefunga mlango, anainuka kwenda kuangalia mwenyewe.

Juzi nilimwomba msamaha tena.

"Nilishakusamehe," akasema bila kuniangalia. "Shida ni hii: sauti ya mama iko inanipotea. Jana nilimuimbia mutoto, nikasikia ni sauti yangu tu."

Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Ndugu yangu unayesoma, ukitaka kutengeneza sinema yako, tengeneza, sikukatazi. Lakini mwenzako akikuuliza kama umehifadhi kitu chake na hujahifadhi, mjibu, "Bado sijafanya." Utaonekana mvivu siku moja tu, na mkeo atabaki na mama yake.