Baiskeli Nilizozifuta

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu ajali. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza skuli, miaka michache baada ya Mapinduzi, nikaajiriwa ukarani katika afisi ndogo iliyoshughulikia barabara. Afisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba moja ya Mji Mkongwe ambayo wenyewe walikwishaondoka. Chumba nilichokaa mimi bila shaka kilikuwa cha kulala, maana ukutani palibaki alama nyeupe ya kabati, na dari ilikuwa na vitanzi vya kufungia chandarua.

Kila mwisho wa mwezi tuliletewa karatasi kutoka mjini na mashamba. Kila ajali ilikuwa na karatasi yake: mahali, saa, chombo gani, nani kaumia. Nilizisoma moja moja, nikaziingiza katika daftari kubwa, kisha nikachora mstari kwenye karatasi ya miraba iliyotundikwa nyuma ya kiti cha mkuu wangu. Mwezi ukiwa na ajali nyingi mstari ulipanda, zikipungua ulishuka. Mgeni yeyote akiingia afisini, kitu cha kwanza alichokiona ni huo mstari.

Mkuu wangu aliwahi kunifundisha hesabu skuli. Nilimwita Mwalimu hata mbele ya watu, naye hakunikataza. Alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri, na alikuwa na hofu. Akisikia viatu vinapanda ngazi alifunga kifungo cha juu cha shati, akaitazama meza yake kama anayetafuta kitu cha kuficha, na hapakuwa na kitu. Siku zile wengi tulikuwa hivyo. Ulisema neno, kisha ukalifikiria siku nzima.

Mwaka wa kwanza ulipomalizika nilikuwa naijua miezi kwa ajali zake. Msimu wa karafuu mstari ulipanda, kwa sababu malori yalibeba wachumaji juu ya magunia na wengine waling'ang'ania pembeni. Ramadhani ajali nyingi zilitokea ile saa ya mwisho kabla ya magharibi, kila mtu anakimbilia nyumbani kufuturu. Masika ilikuwa utelezi. Magari yalikuwa machache kuliko zamani, na mtu angedhani ajali nazo zingepungua, lakini yaliyobaki yalikuwa makongwe, breki zake zimetengenezwa kwa vyuma vya magari mengine yaliyokufa. Na waliokosa gari walipanda baiskeli.

Mahali pamoja palijirudia mno. Palikuwa kona kwenye njia ya Kizimbani, kabla hujafika shamba la serikali. Mimi sikuwahi kupaona, lakini nilipajua kwa karatasi: upande wa ndani wa kona palikuwa na ua wa mibono mrefu kuliko mtu, na anayetoka huku hamuoni anayetoka kule. Wengi walioanguka pale walikuwa wa baiskeli. Walichubuka, walivunjika kidole, wakanyanyuka wakaenda zao.

Nikamwambia Mwalimu.

"Kona hii nnaiandika kila mwezi," nilisema. "Ua ukikatwa tu, watu wataonana."

Alivaa miwani akapitia daftari, kurasa nyingi, bila ya haraka. "Umeona vizuri," alisema. "Andika barua, nitatia sahihi."

Niliandika. Jibu likaja kwamba wakubwa wangetazama kwanza hesabu za miezi miwili au mitatu, ndipo waamue. Mwalimu aliliona jibu zuri, na mimi nikaliona hivyo hivyo.

Katika miezi hiyo tukapewa habari kuwa wageni watakuja kukagua kazi za afisi. Mwalimu alibadilika. Alikuwa akisimama mbele ya ile karatasi ya miraba, mikono nyuma, akiutazama mstari, nao mwezi ule ulikuwa unaelekea juu.

"Binti yangu," aliniita siku moja.

"Naam, Mwalimu."

"Mtu akianguka na baiskeli, peke yake, akachubuka goti, akajiendea zake. Hiyo nayo ni ajali ya barabarani?"

"Imeandikwa, Mwalimu."

"Imeandikwa, sawa. Mimi nnauliza tu. Baiskeli si gari." Akarudi kukaa. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, "Wewe ndiye mwenye daftari. Tazama lipi la kuhesabiwa na lipi si la kuhesabiwa."

Hakuniamuru. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na kila mara hufika hapo hapo, kwamba hakuniamuru.

Nyumbani kwetu Kikwajuni tulikuwa tukiletewa maziwa na mzee mmoja aliyetoka upande wa Kizimbani kwa baiskeli, madumu mawili ya bati yakining'inia nyuma. Alikuwa wa asili ya Kiarabu. Zamani alikuwa na kishamba chake, kikachukuliwa kikagawiwa watu wengine, akabaki na ng'ombe watatu na hiyo baiskeli. Nilimwita ami. Hakuwa na manung'uniko. Alipenda kumtania mama kwamba chai yake ni nyeusi kwa ubahili, kisha akamzidishia kikombe kimoja bure.

Asubuhi moja ya mwezi ule alifika kachelewa, kiwiko kimefungwa kitambaa, dumu moja limebonyea.

"Shikamoo, ami. Umepatwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeanguka pale konani. Lori limenitokea ghafla, nikajitupa kwenye mibono. Maziwa yote ya dumu hili yamenyweshwa ardhi." Alicheka, akampimia mama kutoka dumu la pili.

Siku tatu baadaye, mwisho wa mwezi, karatasi yake ilikuwa mezani kwangu. Mwendesha baiskeli, mwanamume wa makamo, muuza maziwa, amechubuka mkono. Niliitambua mara moja. Ilikuwa miongoni mwa zile nilizozipanga pembeni, zile za baiskeli ambazo hapana aliyelazwa hospitali. Niliweka rula juu ya mistari yake katika daftari, nikaikata kwa wino mwekundu, moja baada ya moja. Nikafanya hivyo na za miezi iliyotangulia, ili hesabu zilingane. Kwangu mimi ilikuwa kazi safi. Kisha nikachora mstari upya kwenye karatasi mpya, nao ukashuka vizuri, kama ngazi.

Wageni walikuja, wakautazama, mmoja wao akanipa mkono akasema vijana kama mimi ndio wanaotakiwa. Sitosema uongo, nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikamhadithia mama, naye akafurahi.

Wiki chache baadaye jibu la kona likaja. Kwa mujibu wa hesabu zilizoletwa, mahali hapo hapana haja ya kushughulikiwa. Mwalimu alilisoma mara mbili, akalitia kwenye mtoto wa meza.

"Tutaandika tena," alisema. "Mambo yakitulia."

Msimu wa karafuu ukaingia. Siku moja maziwa hayakuja, na ya pili hayakuja. Mama alidhani ng'ombe wanaumwa. Siku ya nne ikawa mwisho wa mwezi, nikaikuta karatasi afisini. Mahali palikuwa pale pale. Lori la wachumaji, na mwendesha baiskeli, muuza maziwa. Safari hii alilazwa, na mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Niliisoma nimesimama. Nikaisoma tena. Mwalimu aliniuliza kama nnaumwa, nikamwambia kichwa. Akaniruhusu niende nyumbani, lakini sikwenda. Nilikaa pwani, nyuma ya maghala, mpaka saa za kazi zilipomalizika, kwa sababu sikujua nitamwambia nini mama nikifika mapema.

Ami alipotoka hospitali alihamia kwa dada yake, Mpendae. Mama alipika mkate wa kumimina, tukaenda kumtazama. Tulimkuta ameegemea mto, amekonda, na pale ulipokuwa mguu shuka imelala chini. Alituuliza hali kwanza yeye. Akamwambia mama kwamba sasa chai yake itakuwa nyeusi kwelikweli. Mama alicheka kisha akalia, dada yake ami akamchukua ndani.

Tukabaki wawili.

"Ami," nilisema, "mimi ndiye nnayeandika zile ajali."

"Nnajua. Mama yako hujisifu nawe."

"Ulipoanguka mara ya mwanzo, karatasi yako ilikuja kwangu. Nikaifuta. Nilifuta za baiskeli zote. Tulikuwa tumeomba ule ua ukatwe, wakataka hesabu, na hesabu niliyowapa haikuonesha kitu."

Nje mtu alikuwa akitwanga.

"Kwa hivyo mara ile ya mwanzo mimi sikuanguka?" alisema.

Niliisogeza sahani ya mkate karibu naye.

"Nilikaa kwenye mibono robo saa," alisema, "nnatazama maziwa yanakwenda. Alipopita yule askari wa shamba akaniandika, nilisema, haya, angalau imeandikwa." Akarekebisha shuka. "Na shamba langu lilikwenda hivyo hivyo, mwanangu, kwa kalamu. Lakini yule aliyelifuta sikumjua. Wewe nimekuzoea."

"Nisamehe, ami."

"Mimi nshachoka kwa leo," alisema. "Mwite mama yako, nimuage."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Asubuhi iliyofuata nililiweka daftari mbele ya Mwalimu, nikamwambia kila kitu, hata mkate wa kumimina. Nikamwambia nataka kuzirudisha zote, mwezi kwa mwezi, na mstari niuchore upya, na barua iende tena.

"Watauliza kwa nini hesabu zimebadilika," alisema.

"Waambie karani alikosea."

Alivua miwani akajifuta macho kwa vidole. "Wewe hukukosea," alisema. "Mimi ndiye niliyekuuliza lile suali." Akaichukua kalamu, akatia sahihi karatasi tupu iliyokuwa mezani, akanipa. "Andika hapo juu unavyojua. Nikiisoma kwanza nitaogopa."

Barua ikaenda. Jumapili yake tulipanda gari la abiria la mashamba, Mwalimu na mimi, tukashuka konani. Wote wawili tulikuwa tunapaona kwa mara ya kwanza. Pembeni palikuwa na kipande cha bati la dumu, limekanyagwa likawa kama karatasi. Mwalimu alisimama kando ya njia kupima kwa macho, na wakati huo huo lori likatokea nyuma ya ua, akajitupa mtaroni na viatu vyake vizuri. Alitoka huko tope mpaka magotini, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa wafanyakazi wa shamba. Sijui walizungumza nini. Baada ya muda wakaja watu na mapanga, na hata adhuhuri haijafika ua ulikuwa chini. Mwalimu naye alikata, vibaya, hajui kushika panga.

Jibu la barua halikupata kuja. Miezi miwili baadaye Mwalimu alihamishwa, akapelekwa kushika ghala la vifaa huko mashamba, mbali na mji. Hapana aliyetwambia sababu. Huenda ilikuwa zile hesabu, huenda ilikuwa kukata ua bila ya ruhusa, huenda haikuwa lolote kati ya hayo, maana watu wengi walihamishwa mwaka ule. Alikusanya vitu vyake katika kikapu kimoja, akanipa mkono, akaniambia niangalie mwandiko wangu wa saba, unafanana na moja. Mkuu mpya aliiteremsha karatasi ya miraba siku ya pili yake, akasema inachafua ukuta. Daftari lakini aliliacha, nami nikaendelea kuliandika, baiskeli na yote.

Pale konani ajali zilipungua. Ningependa kusema ni kwa ajili ya ule ua, lakini wakati huo mipira ya baiskeli nayo ilikuwa haipatikani, na wengi walikuwa wakienda kwa miguu. Hesabu haikuweza kunitolea jawabu.

Nilikuwa nikienda Mpendae kwa ami kila mwanzo wa mwezi. Alinipokea, alinikaribisha chai, na neno la kusamehe au la kutosamehe hakulitaja tena. Ng'ombe waliuzwa. Alijifunza kusuka makawa ya ukili, yale ya kufunikia chakula, akikaa kwenye kizingiti cha dada yake, gongo lake la kutembelea liko ubavuni. Kila nikija aliniuliza jambo moja tu kabla sijakaa:

"Mwezi uliopita je? Kuna aliyeanguka pale?"

Nikamwambia. Mara nyingi nilisema hapana. Mwezi mmoja nilimwambia yupo, mwanamke aliyekuwa akitoka kuchuma karafuu, amevunjika bega. Aliacha kusuka. Akataka kujua alikuwa akitoka upande gani, na saa ngapi, na kama ua umeota tena. Nikamwambia umeota, na watu wa shamba wameambiwa wakate.

"Na umemwandika?"

"Nimemwandika."

Kisha nami nikahamishwa, nikapelekwa kufundisha skuli. Nilikwenda kumuaga siku ile ile niliyokabidhi funguo za afisi. Aliuliza suali lake kama kawaida. Karatasi za mwezi ule zilikuwa zimefika, lakini nilimkabidhi mwenzangu kabla sijazifungua. Nikamwambia sijui. Alitikisa kichwa taratibu, akavuta ukili mwingine kutoka kwenye kifungu, na tukazungumza habari za skuli nitakayofundisha.