Kitambaa Cheupe Mlangoni mwa Bandari

Jirani yetu Bibi Torika, ukimpa nafasi, atakwambia ni papa.

Anasema papa anayelinda mlango wa bandari ya Suva aliishika ngalawa ya Inosi kwa chini, akaizungusha mara mbili, akaibwaga juu ya mwamba. Kisa? Inosi alipakia nyama ya nguruwe, mwiko kwa papa huyo.

"Nimemwona kwa macho yangu haya mawili!"

Siku hiyo alikuwa nyumbani anakuna nazi.

Watu wanacheka, lakini wanaamini. Tangu hapo hakuna anayempa Inosi usukani. Akipita na mguu wake mbovu, wavuvi wanaguna: "Mla nguruwe huyo."

Inosi ni baba yangu mdogo. Ngalawa ilibeba mihogo na mikeka. Na papa hakuwepo.

Nilikuwepo mimi.

Jamani, acheni niseme. Limenikaa kooni miezi saba.

Shule niliishia darasa la nane, ila maji nayajua. Marehemu bibi yangu alinifundisha. Ngalawa zetu hazina injini, na aliye nje anaona migongo tu ya mawimbi, hajui mbele yanavunjikaje. Kwa hiyo mtu mmoja husimama mwambani, pale tunapochuma mwani maji yakipwa. Maji yakianza kuingia bandarini, anainua kitambaa cheupe.

Kabla ya hapo, thubutu! Maji yakitoka huku mawimbi makubwa yanaingia, yanagongana, mlango unasimama kama ukuta.

Siku hiyo zamu ya kitambaa ilikuwa yangu, Baba Mdogo anasubiri nje, na mawimbi ya nje yalikuwa makubwa kweli. Nikawa naangalia miguu yangu. Maji yalikuwa kwenye kifundo. Yakapanda hadi nusu ya ugoko.

Nikajisemea, yameanza kujaa.

Bibi alinifundisha nitupe kwanza kumbi la nazi mlangoni, nione linaelekea wapi. Kumbi lilikuwa kwenye kikapu changu. Ila ilibidi nitembee hadi ukingoni.

"We mpima bahari!" Binamu yangu Ulamila alipaza sauti kutoka kwenye boti iliyotuleta kuchuma mwani. "Tulale hapa? Mwani unaniozea, soko linafungwa!"

"Mwache, anaongea na samaki," mwingine akadakia. Boti nzima ikaangua kicheko.

Na ndani ya bandari, meli ya makontena ilikuwa imeshapiga honi, inataka kutoka. Ikitoka, Baba Mdogo angesubiri nje tena.

Nikaona aibu.

Nikainua kitambaa.

Tanga la Baba Mdogo likageukia mlangoni papo hapo.

Ngalawa ilifika katikati ya mlango ikakwama, kama imefungwa kamba. Upepo unaisukuma mbele, maji yanairudisha nyuma. Meli ikatokea. Baba Mdogo akalazimika kuipisha pembeni, kule kwenye mawimbi.

Wimbi la kwanza likainua tezi, nyuma ya ngalawa. La pili sikuliona, nilifumba macho. Nilisikia tu mlingoti ukikatika.

Hapo ndipo nikaelewa. Maji yaliyonipanda miguuni hayakuwa bahari kujaa. Ni mawimbi yaliyoruka mwamba yakajaa ndani, na yote yalikuwa yanatafuta mlango uleule wa kutokea.

Hospitalini, mguu umevunjika, Baba Mdogo alipoulizwa kilichotokea, alijibu neno moja: "Bahari." Bibi Torika akaongezea papa wake.

Nikakaa kimya. Papa alinifaa.

Mwezi uliopita, Jumamosi, nikanunua fungu la yaqona. Huku ukimkosea mtu unampelekea mizizi hiyo, unakaa chini, unasema kosa lako. Akiigusa, yamekwisha.

Nikaiweka mkekani mbele ya Baba Mdogo. Nikasema yote, mpaka habari ya kumbi.

Alikuwa anashona wavu. Hakuinua kichwa.

"Najua."

"Unajua?"

"Alumita, mimi nilikuwa nje pale. Niliona majani na takataka za bandarini zinanijia. Nikajua maji bado yanatoka." Akavuta uzi. "Halafu nikaona kitambaa chako. Nikasema, macho yangu yamezeeka, mtoto wa kaka anaona kuliko mimi."

Bora angenitukana.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu anakusubiri uinue kitambaa, wacha boti nzima icheke. Tembea hadi ukingoni. Tupa kumbi.

Nikasubiri aiguse yaqona. Mikono yake ilibaki kwenye wavu.

"Mguu nimeshausamehe," akasema. "Lakini mimi ni nahodha, mwanangu, na mtaani naitwa mla nguruwe. Kesho baada ya ibada, Torika akiwepo na watu wote wakiwepo, simama useme kama ulivyosema hapa. Nakuomba. Utasimama?"

Zimepita Jumapili nne.

Fungu bado liko palepale mkekani. Naliona kila nikipita mlangoni kwake.